Tawi la Gari la Mwisho

Siku barabara kuu ilipojaa maji, rafiki yangu, dereva wa gari la mikate, alipitia ile ya zamani ya mlimani. Ukungu ulikuwa mzito, mchana umekuwa kama magharibi. Barabara ilipoanza kuwa nyembamba, mzee mwenye bendera nyekundu akamsimamisha, akampa tawi bichi.

"Wewe ndiye wa mwisho, mwanangu. Mpe mwenzangu kule mbele, ndipo aruhusu magari ya upande wake."

Hakushangaa; ndivyo wanavyofanya barabara ikitengenezwa. Akaingia. Huku mwamba, huku korongo, pa kugeuzia hakuna. Mbele yake zilinguruma injini nyingi, zimesimama, zinasubiri. Akaenda weee, ngurumo ziko palepale mbele, lakini hakuona gari wala bendera, mpaka akatokea mjini.

Mwenye duka aliyempelekea mikate akamcheka aliposimuliwa. "Matengenezo gani? Barabara ile iliguswa mara ya mwisho babu yangu akiwa mvunja mawe wa barabara!"

Tawi liko kwake mpaka leo, na halijanyauka. Alirudishe, ampe nani? Yeye na mkewe wakizima taa wanasikia injini uani, zimesimama, zinasubiri.

Juzi, shemeji ananiambia, mojawapo ilipiga honi.