Viza Iliyofumuliwa

Ofisa wa uhamiaji aliipekua pasipoti mbele na nyuma, kisha akamtazama muuguzi kijana aliyesimama mbele ya dirisha lake.

"Viza yako iko wapi?"

"Humo humo. Ukurasa wa kumi na moja."

"Hapa baada ya kumi naona kumi na tatu. Na huku, baada ya ishirini, naona ishirini na tatu." Akaifunga. "Pasipoti iliyopungua karatasi si pasipoti tena, dada. Hata ningekuachia, huko wangekurudisha na ndege ile ile."

Ndege ikaondoka bila yeye.

Mjomba wake alifika nyumbani kabla ya adhuhuri. Alikuwa mpelelezi wa polisi mpaka alipostaafu, na mama wa binti huyo, aliyekuwa akisubiri kuagwa katika hospitali ya nchi ile ya mbali, alikuwa dada yake wa tumbo moja. Mama huyo alikwenda huko zamani kutunza wazee wa watu. Sasa yeye ndiye wa kutunzwa, na madaktari walikuwa wamesema anayetaka kumwona aje upesi. Pasipoti mpya na viza mpya vingechukua wiki. Mgonjwa hakuwa na wiki.

"Uliiona viza mara ya mwisho lini?" Mjomba aliuliza.

"Jana jioni, ofisini kwa wakala wa safari. Tuliitazama pamoja. Akanipa mawaidha yake: nivae koti zito maana huko baridi inatafuna mfupa, barua ya hospitali niishike mkononi, pasipoti nisiitie kwenye sanduku. Nikaitia mfuko wa ndani wa koti."

"Koti lenyewe?"

"La sufu. Dada kanishonea. Lililala limetundikwa nyuma ya mlango wa sebuleni."

"Na sebuleni alilala nani?"

Binti aliinamisha kichwa. "Mchumba wangu. Alitaka tuwahi asubuhi."

Mchumba alikuwa kinyozi. Mjomba alimkuta kwenye kibanda chake, wembe mkononi, kiti hakina mteja. Hakumzungusha.

"Ulitaka asiende?"

"Nilitaka arudi, Mjomba. Waliokwenda huko wote walisema wiki mbili. Mama yake pia alisema anakwenda na kurudi."

"Uliigusa pasipoti?"

Kinyozi aliuweka wembe chini. "Niliitoa mfukoni usiku. Nikafikiria kuificha chini ya kochi. Nikamwazia mama wa watu anayekata roho, nikaona haya. Nikairudisha."

"Viza ilikuwamo?"

"Sikuifungua. Naapa."

Mkwe mtarajiwa huyo angefaa sana kuwa mwizi: alikuwa na sababu, alikuwa na nafasi, na alikuwa na wembe. Wakala naye, kwa mdomo wake wa asali, angefaa. Ila binti aliondoka kwake viza ikiwa machoni. Mjomba alitoka nje, akaifungua pasipoti juani pale katikati, penye mshono. Alitafuta kishina cha karatasi, kile kinachobaki wembe unapopita. Hakukiona. Akaupitisha ukucha juu ya uzi, na moyo wake ukawa mzito kwa namna ambayo kazi ya miaka yote ile haikuwahi kumtendea.

Alirudi nyumbani, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Mpwa wake mkubwa alikuwa kwenye cherehani, anapinda mapazia ya mteja.

"Shikamoo, Mjomba. Umempata?"

"Marahaba. Zima mashine."

Akaizima. Mdogo mtu alisimama mlangoni, koti bado liko begani.

"Kinyozi angekata," Mjomba alisema, akiiweka pasipoti juu ya pazia. "Wakala angekata. Mtu yeyote mwenye chuki na haraka angekata au kuchana. Aliyefanya hivi alifumua mshono wa katikati, akachomoa karatasi nzima, kurasa zake nne, kisha akashona upya kwenye matundu yale yale. Uzi umekunjwa mara mbili na kupakwa nta, fundo limefichwa ndani. Nani humu ana mkono huo?"

Dada mtu aliitazama pasipoti kama kazi ya mtu mwingine.

"Ningeziacha nyuzi zikining'inia usingenijua," alisema polepole. "Nilishindwa. Mkono haukubali."

"Lini?" mdogo wake aliuliza.

"Alfajiri, mchumba wako alipotoka kuoga na wewe ukifunga sanduku."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mjomba alinong'ona, na hakukusudia kusema methali. "Kwa nini, mama?"

"Mimi niliomba viza kwanza. Ubalozini wakaniuliza: umeajiriwa wapi? Nikasema nashona nyumbani. Wakasema hakuna cha kunirudisha, nitazamia huko. Shule niliiacha ili huyu asome. Uuguzi wake nimeulipia kwa miguu hii kwenye cherehani. Ajira yake ndiyo viza yake. Mama alipoondoka alinikabidhi mtoto, akaniambia atanijia. Sasa anakufa, na wa kumshika mkono ni huyu ambaye hata sura ya Mama haikumbuki. Nikasema, kama si mimi, basi asiwe yeyote."

"Ungeniambia," mdogo wake alisema. "Ningekuachia."

"Viza haiachiwi mtu."

Hapo simu ya mdogo ikalia. Namba ilikuwa ya ng'ambo. Aliiweka sauti wazi, na chumba kikajaa pumzi nzito za mgonjwa.

"Umefika wapi, mwanangu?"

"Pasipoti imeharibika, Mama. Sitafika."

 

"Imeharibikaje?"

Binti alimtazama dada yake.

"Imeharibika tu, Mama."

"Basi. Ndiyo kudra. Dada yako yupo hapo? Mpe."

Dada mtu alipokea kwa mikono miwili.

"Mama."

"Asante, mwanangu mkubwa," sauti ilisema. "Nakufa sina wasiwasi. Najua mdogo wako nimemwacha na nani."