Saa Nyembamba ya Mgiriki

Kamani ya saa ile, utepe wa chuma unaoiendesha, ilikuwa mezani, ndani ya kifuniko cha kopo la dawa ya viatu, imekatika vipande viwili. Odilia aliiona kwa macho yake alipoingia kibandani kumpelekea mumewe uji. Mumewe alikuwa ametoka kidogo kwenda bombani. Saa yenyewe ililala kifudifudi juu ya kitambaa, mgongo wazi. Odilia hakuwa mgeni wa saa. Mke wa fundi hujua kwamba saa iliyotolewa kamani ni maiti.

Lakini ile ilikuwa ikitembea.

Aliinama akasikiliza. Haikulia kama saa nyingine. Ilikwenda mbio mbio, ikakwama, ikavuta tena kwa shida, kama mtoto mwenye kichomi anayetafuta pumzi. Odilia aliweka bakuli chini, akatoka akasimama juani.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka wa ukame na unga wa njano wa msaada. Malori ya Operesheni yalipita Kilosa yamebeba watu, kuku na milango iliyong'olewa, yakielekea vijiji vipya vya ujamaa. Onesphory, mume wa Odilia, alikuwa na kibanda chake cha fundi saa karibu na stesheni. Watu wa reli ndio waliompenda, kwa kuwa mtu wa reli asiye na saa ya kuaminika ni hatari kwa wenzake.

Saa hiyo aliletewa na mzee Cleopa, aliyekuwa mpishi wa Mgiriki mmoja kwenye shamba la mkonge. Serikali ilipoyachukua mashamba, Mgiriki hakurudi kwao. Alibaki katika nyumba yake peke yake mpaka akafa, na Cleopa ndiye aliyemwosha. Mzee aliitoa saa ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa, akaitua mezani bila kuigusa kwa vidole.

"Itengeneze, mwanangu, au ikae tu hapo," alisema. "Mimi nyumbani kwangu siitaki."

Onesphory hakuuliza kwa nini. Alikuwa ameshakifungua kitambaa na ulimwengu mwingine wote umemtoka akilini.

Jioni aliileta nyumbani, akaisogeza karibu na kibatari. "Njoo uone, Mama Generoza. Ukiisimamisha hivi kwa ubavu, karibu huioni. Imekonda kama sarafu."

"Itamfaa nani saa ya namna hiyo? Hata mlio haina."

"Ndiyo uzuri wake." Macho yake yaling'aa kwa namna ambayo Odilia hakuwa ameiona kwa muda mrefu. "Zamani huko Ulaya saa ilikuwa nene kama kitumbua. Mtu aliitundika kifuani kwa mnyororo, na kadiri ilivyonenepa ndivyo alivyoonekana mkubwa. Halafu wakubwa wenyewe wakachoka kujionyesha. Wakataka saa ya kuvalia suti, ipite chini ya mkono wa shati bila kuinua kitambaa, isipige kelele mwenzako anapozungumza. Sasa fundi afanye nini? Apunguze. Bamba alikwangue mpaka liwe kama jani. Magurudumu ayalaze bega kwa bega badala ya kuyapandanisha. Mwalimu wangu wa Morogoro alikuwa akisema kwamba kwa Waswisi, kule milimani, fundi hujifungia na saa moja kipupwe kizima, na akipiga chafya tu, kazi imeharibika. Saa nene inatangaza. Hii inanong'ona. Lazima uiweke sikioni."

Akaiweka sikioni. Tabasamu likamganda usoni, kisha likaondoka polepole, na machozi yakaanza kumtiririka bila yeye kuyafuta.

Odilia alijua amesikia nini, kwa kuwa naye alikuwa amekisikia mchana.

Mtoto wao, Generoza, alikufa masika yaliyopita, kabla ya ukame, hajang'oa hata jino la kwanza. Onesphory alikuwa Morogoro kutafuta vipuri. Mto Mkondoa ulifurika, reli ikakatika, na alipofika kwa miguu, matope mpaka mapajani, alikuta kaburi limeshafukiwa. Hakumlaumu mtu. Aliingia kibandani akaendelea kutengeneza saa za watu, na tangu siku hiyo hakuwahi kulitaja jina la mtoto isipokuwa alipomwita mkewe.

Tangu jioni ile aliivaa saa mkononi. Alikuwa hajaitia kamani nyingine. Wateja walianza kumkuta ameinamisha kichwa, mkono sikioni kama mtu mwenye maumivu ya jino, na wakimsalimu alijibu baada ya muda mrefu. Chakula alikisukuma kando. Mashati yakamlegea mabegani, mashavu yakaingia ndani, na balozi wa nyumba kumi akaja kumuuliza Odilia kwa sauti ya chini kama mumewe hana kifua kikuu. Ndani ya nyumba kukaanza kunuka mafuta ya nyonyo, yale ambayo Odilia alikuwa akimpaka mtoto kichwani kabla ya kumsuka, ilhali chupa ya mafuta hayo aliizika mwenyewe pamoja na marehemu.

Siku moja jua lilipokuwa utosini, saa ambayo hata kuku hukimbilia kivulini na barabara ya stesheni hubaki haina mtu, Odilia alikwenda kibandani akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Aliinua mkono kubisha, kisha akausimamisha hewani, kwa sababu alimsikia mumewe akizungumza, taratibu, kama anavyozungumza mtu anayembembeleza mtoto ale, na alipotua kuzungumza, kitu kilicheka humo ndani, kicheko kidogo chenye mkwaruzo wa kifua, na baada ya kicheko kikaja kikohozi kile kile ambacho Odilia alikesha akikisikiliza masika yaliyopita, na harufu ya mafuta ya nyonyo ikapita chini ya mlango ikamzunguka miguuni kama mtoto anayemshika mama yake nguo asiondoke.

"Baba Generoza," aliita. "Fungua."

"Polepole," mumewe alinong'ona kutoka ndani. "Ndiyo kwanza amepata usingizi."

Alipofungua alikuwa peke yake. Odilia alimshika mkono ili amvue saa, na vidole vyake havikupata pa kuingia. Mkanda ulikuwa umeshaoza na kudondoka. Saa ilikaa juu ya mfupa wa mkono, na ngozi ilikuwa imeanza kuota juu ya kingo zake, kama gome la mti linavyomeza msumari.

"Mume wangu, hiki ni nini?"

"Anapumulia humu, Odilia." Alikuwa hajamwita kwa jina lake tangu walipooana. "Nikiivua, atakata pumzi. Mara ya kwanza sikuwepo. Safari hii nipo."

Odilia alikimbia moja kwa moja kwa mzee Cleopa, akamkuta akichambua mboga nje ya nyumba yake. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Cleopa alimtazama usoni, kisu kikamwanguka. "Amemsikia nani?"

"Mtoto wetu."

"Bwana wangu alimsikia mke wake. Alikaa naye verandani akicheka na kumjibu mpaka akawa mwepesi, nikawa namhamisha kitini kwa mkono mmoja. Nilidhani fundi ataifungua, aone ni vyuma tu, auvunje uchawi wake. Nisamehe, binti yangu." Kisha akamwelekeza Mikumi, kwa Bi Mwanakheri, mganga wa majini aliyehamishwa kutoka Malolo na Operesheni.

Walisafiri kwa treni ya kwenda Kidatu. Waliposhuka Mikumi Onesphory hakuweza kutembea, kwa hiyo Odilia alimbeba mgongoni kwa kanga, mwanamume mzima, na hakuchoka, na kutochoka huko ndiko kulikomliza njia nzima.

Bi Mwanakheri alikaa kwenye safu ya nyumba mpya za udongo, zote zimefanana, hata mti wa kivuli hapakuwa. Aliusogeza mkono wa Onesphory juu ya chetezo, moshi wa ubani ukapanda, naye akasoma dua kwa sauti isiyokatika. Ngozi ilitetemeka. Saa ikateleza yenyewe ikaangukia ndani ya chungu kilichotegwa pembeni. Onesphory alipiga yowe moja la mtu aliyefiwa, kisha akazimia.

Bibi alikipeleka chungu chumba cha ndani, akavuta mlango.

"Nisikilize, mwanangu," alimwambia Odilia. "Huyu ni jini asiye na sura wala sauti yake. Huvaa za maiti wetu. Mimi nimefukiza, lakini mlango ataushika mzazi, kwa kuwa ruhusa ya kuingia alipewa na mzazi. Kaa chini, egemeza mgongo hapa mlangoni. Atakuita. Usiitike, usifungue, mpaka jua lizame nyuma ya milima. Ukifungua, mumeo hataamka."

"Na kama ni yeye, Bibi? Kama ni mtoto wangu?"

"Utamjua kwa maneno yake. Jini huyu amekunywa kwa mumeo. Anajua anayoyajua mumeo, hajui zaidi."

Odilia akakaa. Mbele yake mumewe alilala juu ya mkeka, kifua kikipanda kidogo sana.

Mwanzo palikuwa kimya. Kisha, nyuma ya mgongo wake, karibu na ardhi, kitu kilikwaruza ubao kwa kucha.

"Mama."

Alifumba macho.

"Mama, kuna giza huku. Mama, nimefukiwa na mchanga mdomoni." Kikohozi. "Nikumbushe ule wimbo baba aliokuwa akiniimbia akitengeneza saa." Na sauti ikauimba, wimbo wa Onesphory, bila kukosea neno. Odilia aliuma kanga yake. Anayajua haya kwa baba yake, alijiambia, haya yote baba yake anayajua, na sauti ikalia, ikaomba maji, ikaomba uji, ikauliza amekosa nini hata mama amfungie mlango, na jua likaning'inia juu ya milima kana kwamba nalo limezuiwa, na mlango ukasukumwa kwa nguvu ndogo, nguvu ya mtoto mgonjwa tu, ambayo ni ngumu kuizuia kuliko nguvu ya simba.

Kisha ikaacha kusukuma. Ikaja karibu na sikio lake, upande wa pili wa ubao, ikanong'ona.

"Mama, hujamwambia baba kwamba nilimlilia?"

Odilia alifumbua macho.

Alfajiri ile ya mwisho, nyumba nzima imelala, Generoza alimlilia baba yake mpaka sauti ikakatika. Kisha, akiwa ametulia, akamshika mama yake kidevu akamwambia: usimwambie baba kwamba nililia, atahuzunika. Hapakuwa na mtu mwingine. Odilia hakumwambia mumewe, hakumwambia padri, hakumwambia hata kaburi.

Mkono wake ulipanda ukashika komeo. Mbele yake kifua cha Onesphory kilishuka, kikachelewa kupanda.

Aliuondoa mkono, akaukalia.

Nyuma ya ubao, pumzi ilikwenda mbio, ikakwama, ikavuta kwa shida, ikakwama. Alingoja ivute tena. Jua lilizama.

Bi Mwanakheri alipofungua, saa ilikuwa ndani ya chungu, mishale imesimama, na kioo chake kimeota ukungu kwa ndani, kama kimepuliziwa na mtu. Aliifunga katika kitambaa cheupe akasema ataitupa mwenyewe mahali ambapo maji ni mengi.

"Bibi," Odilia alisema. "Na kama akisema jambo ambalo baba yake halijui?"

Mganga alikuwa akikunja mkeka wake wa dua. Mikono yake ilisimama.

"Alisema?"

Odilia aligeuka akamtazama mumewe.

Bi Mwanakheri aliendelea kukunja mkeka, polepole, na hakuinua tena macho. "Mumeo ameamka, mwanangu. Mpe uji ungali na moto."

Onesphory alikunywa uji wote. Asubuhi, ndani ya treni ya kurudi Kilosa, rangi ilikuwa imeanza kumrudia, na jeraha la mkononi lilikuwa limefungwa kwa kitambaa safi. Mashamba ya mkonge yalipita dirishani, safu baada ya safu.

"Mama Generoza," alisema. "Wewe ulikuwa mlangoni. Alisema nini mwishoni?"

Odilia alimfunika miguu kwa kanga, akaichomeka vizuri pembeni.

"Hakusema kitu," alimjibu. "Alilala tu."