Picha Kumi na Moja za Shifaa

Swafiya wa Langoni alikuwa mpambaji wa mabibi harusi. Ukipita karibu na nyumba yake asubuhi, harufu ya hina ilikupokea kabla hujapiga hodi. Alikuwa na mkono mwepesi. Alichora maua ya piko, ile rangi nyeusi ya urembo, kwenye vidole vya bibi harusi bila kutetemeka, huku akizungumza na mama mtu, huku akimkemea paka.

Lakini kina mama hawakumwita kwa ajili ya mkono peke yake. Walimwita kwa sababu hakuwa mtu wa kusema aliyoyaona.

Katika sherehe za wanawake za Amu, kama wenyeji wanavyouita mji wa Lamu, bibi harusi hukaa bila buibui wala mtandio. Nywele zake zimetiwa asumini, shingo na mikono viko wazi, na wanaomtazama ni wanawake tu. Kwa hiyo simu zote huachwa mlangoni ndani ya kikapu, na shangazi mmoja mkali huketi hapo kuzilinda. Simu moja tu huruhusiwa kuingia, nayo ni ya Swafiya. Yeye hupiga picha chache za kumbukumbu. Kesho yake humhamishia bibi harusi picha hizo, kisha huzifuta kwenye simu yake mwenyewe, mama mtu akitazama.

Alhamisi moja alimpamba Shifaa, binti wa Bi Tima, bibi harusi wa kwanza kumpiga picha kwa simu yake mpya. Ijumaa alimpelekea picha kumi na moja. Kisha akazifuta moja moja mbele ya Bi Tima.

"Zimekwisha?" Bi Tima aliuliza.

"Zimekwisha, wallahi," Swafiya alijibu, na aliamini anachosema.

Jumamosi asubuhi alikuja mteja kuchagua maua ya mkono. Swafiya alifungua simu amwonyeshe michoro yake. Kidole kikateleza. Akabonyeza alama nyingine ya picha, ile ya rangi rangi ambayo hakuizoea.

Akaona mbuzi mweupe amefungwa kwenye mnazi. Swafiya hakuwa na mbuzi. Akaona mtoto asiyemjua, anacheka, hana meno ya mbele. Kisha akaona kadi ya kliniki ya mama mjamzito. Iliandikwa jina la Sundus, kijiji cha Mbwajumali kisiwani Pate, nambari ya simu na miezi ya mimba. Swafiya aliona haya, kama mtu aliyejikuta chumbani kwa watu bila kukaribishwa.

Akateremsha kidole kidogo. Chini ya kadi ile alikuwa Shifaa, nywele zake mabegani. Picha zote kumi na moja zilikuwapo.

Alimwambia mteja kuwa tumbo limemshika, arudi kesho. Mlango ulipofungwa, alikwenda uani, ambako mumewe Abdulghafur alikuwa akipiga msasa mlango wa kabati. Akamweleza.

Abdulghafur alisikiliza, akapuliza vumbi la mbao. Aliona jambo lenyewe ni jepesi. Azifute tena na anyamaze. Kama hakuna aliyeziona, hakuna lililotokea. Bi Tima akipata habari, Amu nzima itapata, na hakuna nyumba itakayomwita Swafiya tena.

"Nimemwapia," Swafiya alisema.

Abdulghafur akaacha msasa. Alimjua mkewe. "Basi kamuulize kwanza mwalimu wa juu," alisema. "Ujue hasa umemwapia nini."

Mwalimu wa juu alikuwa Nerea, mgeni kutoka bara. Alifundisha kompyuta katika chuo cha ufundi, na kwa miaka miwili alikuwa amepanga chumba cha ghorofani katika nyumba yao. Swafiya alimkuta akifua. Nerea alikausha mikono, akaichukua simu na kuitazama kwa makini. Hakuzifungua picha za Shifaa. Swafiya aliliona hilo, na moyo wake ukatulia kidogo.

"Dada Swafiya," Nerea aliuliza, "hii akaunti ya barua pepe iliyo humu, nani alikufungulia?"

"Fawaz, dukani, siku niliyonunua simu. Alisema bila hiyo simu haifanyi kazi."

"Na neno lake la siri unalijua?"

"Neno gani?"

Nerea akakaa kwenye ngazi, akamwekea nafasi pembeni yake. Alimweleza taratibu. Simu hii hutunza picha mahali pawili. Pa kwanza ni ndani ya simu yenyewe. Pa pili ni kwenye akaunti, ghala iliyo mbali, inayofikiwa kwa intaneti. Simu hupeleka nakala kule yenyewe, bila kuuliza kila mara. Swafiya alikuwa akifuta nakala ya kwanza tu. Ya pili ilibaki.

"Na mbuzi? Na kadi ya yule mama?"

"Hizo zimetoka kwenye simu ya mtu mwingine. Nadhani Fawaz amewatilia wateja kadhaa akaunti moja. Ghala ni moja, na kila mwenye simu ana mlango wa kuingilia."

Swafiya akafikiri. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, ila hakuzoea kuulizwa.

"Kama mimi namwona mbuzi wake," alisema polepole, "yeye amemwona Shifaa."

Nerea hakumficha. "Inawezekana."

Waliingia kwenye mipangilio ya akaunti. Huko kuna orodha ya simu zote zinazoitumia, na siku ambayo kila moja iliingia mara ya mwisho. Simu zilikuwa tatu. Moja ya Swafiya. Ya pili iliingia jana. Ya tatu haikuwa imeonekana kwa miezi miwili.

Nerea alimwonyesha namna ya kuzifuta picha za Shifaa kwenye ghala ile. Swafiya alizifuta kwa kidole chake mwenyewe. Alidhani amemaliza, lakini Nerea akamwambia bado, kwa sababu zimeingia kwenye pipa la taka, na humo hukaa siku nyingi. Walilimwaga na pipa.

Kisha Swafiya akafanya jambo gumu. Aliipiga nambari ya kwenye kadi.

Sundus alipokea kwa sauti ya mtu aliye shambani. Swafiya alijitambulisha, akaomba radhi, akaeleza.

"Niliona picha za bibi harusi jana," Sundus alisema. "Nilikuja Amu kliniki, nikapata intaneti nzuri. Niliona ya kwanza tu nikafunga. Nilijua si zangu. Hata mume wangu sikumwonyesha." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na wewe, kadi yangu umeiona?"

"Nimeiona."

"Sijamwambia mtu, dada. Mimba mbili zilinitoka. Hii nilitaka ikae kwanza."

Siku zote Swafiya alijua kuwa nywele za bibi harusi ni amana. Hakuwahi kufikiri kuwa hata karatasi ya kliniki, iliyopigwa picha isije ikapotea, inaweza kuwa siri kubwa kuliko nywele. Alimwambia Sundus kuwa habari ile imefika kwake na itakoma kwake. Kwa ruhusa ya Sundus, aliifuta na kadi ile kwenye ghala.

Mchana walikwenda dukani. Fawaz alikuwa kijana mchangamfu, na alipoelezwa alicheka kwanza. Wateja wake wengi hawana barua pepe, alisema. Wanaotoka Pate wanakimbilia boti. Mwezi ule Swafiya aliponunua simu, aliona awasaidie. Alifungua akaunti moja na neno moja la siri, jina la duka na tarakimu nne, akawatilia watu watatu.

"Simu ya tatu anayo nani?" Nerea aliuliza.

Fawaz alifungua daftari. Alikuwa nayo Mzee Abubakr, ambaye huisikilizia redio tu na hanunui bando. Ndiyo maana ilikuwa haijaonekana.

Swafiya alishusha pumzi. Kisha akasema, kwa upole ambao ulimfanya Fawaz aache kucheka: "Bwana Fawaz, seremala akinitilia mlango, hubaki na ufunguo wangu mfukoni?"

"La, Bi Swafiya."

"Basi."

Nerea aliongeza kuwa Kenya ina sheria ya kulinda data za watu, na kwamba mtu aliyedhulumiwa anaweza kumshtaki mhusika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Fawaz alisikia. Alimpigia Sundus na kumwomba radhi. Alikubali kwamba, kila mmoja akishachukua picha zake, ile akaunti itafungwa kabisa. Hapo hapo Swafiya alifunguliwa akaunti yake peke yake. Nerea alimwambia achague neno refu la siri ambalo si jina lake, si la mtoto, wala si mwaka wa kuzaliwa. Aliwasha pia ulinzi wa hatua mbili, ili anayelijua neno asiweze kuingia bila nambari inayoletwa kwenye simu. Nambari hiyo, Nerea alisisitiza, hapewi mtu yeyote, hata akijidai anapiga simu kutoka benki au serikalini.

Njiani Swafiya aliuliza swali lililokuwa likimsumbua. Kwa nini amekosea, na yeye ni msiri?

"Faragha ni wewe kuamua nani aone na nani asione," Nerea alimjibu. "Hilo unalijua kuliko mimi. Usalama wa data ni kufuli inayoufanya uamuzi wako usimame. Uliamua vizuri. Kufuli ndiyo hukuwa nayo."

Ilibaki nyumba ya Bi Tima. Nerea alitaka kumsindikiza. Swafiya akakataa, akaenda peke yake baada ya swala ya alasiri. Alisema yote: picha zilikobaki, kwamba kuna mwanamke aliyeiona moja, na jinsi zilivyofutwa. Hakumtaja Sundus kwa jina.

Bi Tima alimsikiliza bila kupepesa.

"Uliniapia hapa hapa," alisema.

"Niliapa, na sikujua. Sasa nimejua, ndiyo nimekuja."

"Umeshamaliza kusema?"

"Nimeshamaliza."

"Ndia ya kutokea waijua," Bi Tima alisema, akimwonyesha mlango.

Wiki mbili zilipita, na hakuna aliyemwita Swafiya kupamba. Abdulghafur hakumwambia kuwa alimwonya. Alimletea samaki wa kukaanga, akamwekea mbele yake.

Wiki ya tatu alikuja mama mmoja kutoka mtaa wa pili, anaoza binti. Swafiya alimweleza utaratibu wake mpya kabla hajaulizwa. Hapigi tena picha kwa simu yake. Hupiga kwa simu ya bibi harusi, baada ya kuhakikisha kuwa akaunti iliyomo ni ya bibi harusi mwenyewe na neno la siri analijua yeye tu. "Picha isiyokaa kwangu haiwezi kunitoka," alisema. Mama yule alitoka ameridhika, na akawaambia wenziwe. Wakaja wengine. Sundus naye, alipokuja tena kliniki, alipita Langoni, tumbo sasa likionekana. Nerea alimfungulia akaunti yake, na Swafiya akampaka hina miguuni.

Kwa Fawaz nako mambo yalibadilika. Mteja sasa hukalishwa kwenye kiti, akaandika neno lake la siri mwenyewe, hata kama boti inapiga honi.

Siku moja asubuhi mlango wa Swafiya ulipigwa hodi. Alikuwa Bi Tima, ameshika simu yake kwa vidole viwili kama kitu kichafu. Alikaa, akanywa kahawa, akauliza hali ya Abdulghafur, hali ya paka.

"Wengine wangalinyamaza," alisema mwishowe, akitazama kikombe. "Shifaa ameniambia hivyo kila siku mpaka nimechoka." Akaisukuma simu mbele. "Hii nayo Fawaz alinifungulia, mwaka juzi. Nitengenezee yeo, isingoje kesho."

Swafiya alimwelekeza hatua kwa hatua, hadi kikatokea kisanduku kitupu cha neno la siri.

"Hapa uandike neno lako, Bi Tima. Refu. La kwako peke yako."

"Nimeshalipata. Nitaweka jina la—"

"Usiniambie."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Bi Tima alimtazama kwa muda. Kisha akacheka, kicheko kirefu ambacho Swafiya hakuwa amekisikia tangu Ijumaa ile. "Haya, geuka huko nami niandike."

Swafiya akageuka akatazama ukuta. Nyuma yake alisikia kidole kikigonga kioo, polepole, herufi moja baada ya nyingine, na Bi Tima akijihesabia kwa kunong'ona.