Mafiga ya Yunis

Mafiga yalikuwa na joto kabla Boke hajawasha moto. Aliyakuta yamelala kifudifudi kwenye nyasi, mawe matatu makubwa, upande wenye masizi umeelekea chini, na alipoyainua kuyapanga akayasikia viganjani yana uvuguvugu, kama sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu. Akajiambia ni jua. Lakini asubuhi nzima Butiama ilikuwa na manyunyu, na jua lenyewe lilikuwa halijachungulia.

Walikuwa safarini, yeye na mumewe Benson, na gari yao ndogo kutoka Dodoma, wanaelekea Musoma, mji ambao wote wawili hawajawahi kuukanyaga. Safari yenyewe ilikuwa ya kupatana. Benson alikuwa amehama nyumbani, akaenda kuishi kwa mwanamke mwingine mpaka mvua za mwaka ule zikaisha, ndipo akarudi na begi lake mlangoni kama mtu aliyetumwa dukani akachelewa. Boke akampokea. Wanawake wenzake wa kanisani walimwita mjinga, naye akawajibu, "Sawa, lakini mjinga ana mume." Ila moyoni aliapa jambo moja: kugawana tena, hapana.

Hapo Butiama, mbele kidogo ya Mwitongo, ndipo palipokuwa nyumbani kwa marehemu Magesa, baba yake Benson. Magesa hakuwahi kumleta mwanawe huko, na hata alipokufa alizikwa Mwanza. Kilichobaki ni kipande cha ukuta wa udongo, ua wa mkonge, na yale mawe.

"Tupike hapa," Benson alisema. "Na mimi nile kwa baba yangu, walau mara moja."

"Mzanaki wa Dodoma," Boke akamtania. "Hata kuni huwezi kupasua."

Basi akasonga ugali, akaunga dagaa walionunua Bunda. Pale Bunda, mtaa wa Nyasura, alikaa shangazi yake Benson, bibi Ghati, lakini walikuwa wamepanga kumsalimia wakati wa kurudi. Benson alikula akalamba vidole, wakacheka, wakaondoka. Mafiga wakayaacha yamesimama.

Musoma iliwapendeza. Walipata chumba kwenye hoteli ndogo kando ya ziwa, katikati ya yale majabali makubwa, wakatembea Mwigobero kuangalia samaki wakishushwa, wakapigana picha upepo ukiwapeperushia nguo. Mchana wakaagiza sato mzima wa kukaanga. Boke alikuwa ameshamaliza upande mmoja wa samaki wake alipoona kwamba wa Benson hajaguswa. Mkono wa mumewe ulikuwa unashuka pembeni ya sahani, pale juu ya meza tupu, unamega, unafinyanga tonge, unachovya, unapanda mdomoni. Naye anatafuna.

"Acha utani, samaki anapoa."

"Nimeshiba," Benson akasema, akabeua. Mbeuo ukaja na harufu ya ugali wa mtama, maziwa mgando na moshi wa kinyesi cha ng'ombe. Akafuta vidole kwa leso, na leso ikabaki na mafuta ya samli. "Ila Yunis leo kazidisha chumvi."

Boke akaweka chini mfupa aliokuwa ameushika. "Yunis ni nani?"

"Yunis gani?"

"Umemtaja sasa hivi."

"Sijamtaja mtu mimi."

Hilo neno, sijamtaja, Boke alikuwa amelisikia Dodoma mpaka likamkaa masikioni. Alimaliza chakula chake, ingawa hakikuwa na ladha, akawa anamtazama.

Toka siku hiyo Benson hakugusa chakula. Uji hapana, chapati hapana, embe alilomenyewa na mkewe akalirudisha. Nimeshiba, nimeshiba. Na huku suruali inamshuka kiunoni, mifupa ya uso inatokeza. Kisha kukaja ile alfajiri ambayo Boke aliamka kwa harufu ya moshi, akapapasa kitanda akakuta upande wa pili una baridi, akamwona Benson amekaa sakafuni ameuelekea ukuta, miguu ameinyoosha kama mwenye mji aliyerudi kutoka malishoni, na kutoka ndani ya ukuta ule wa matofali, ambao nje yake hakuna kitu ila jabali na maji, kulikuwa kunasikika mwiko unakwangua sufuria polepole, krr, krr, kama anavyokwangua mtu ambaye hana haraka kwa sababu anajua mlaji wake haendi popote. "Ongeza kidogo," Benson akauambia ukuta, na mwiko ukanyamaza, na kidevu chake kilipogeuka kwenye mwanga kilikuwa kinadondosha maziwa.

Boke akafunga mizigo. Alikuwa anaogopa, lakini hasira ilikuwa juu ya woga. Akili yake ilikuwa bado kwa mwanamke, akadhani Benson amelishwa kitu na huyo Yunis wake. Akashika usukani mwenyewe mpaka Nyasura kumshtaki mtu wake kwa shangazi, kama ilivyo desturi.

Bibi Ghati alikuwa uani anamenya mihogo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mkamwana. Mnazungukaga miji na gari, kula hamli? Mbona mtoto wangu umemkausha kama dagaa?"

"Ndiyo nimekuja kusema. Ana mwanamke tena. Safari hii anaitwa Yunis."

Kisu kikasimama kwenye muhogo. Ghati akamtazama Benson, aliyekuwa ameegemea gari anajilamba midomo. Akashusha sauti. "Mlipita Butiama?"

"Tulipita. Tukapika pale kwa baba."

"Mlipika na nini?"

"Mafiga si yalikuwepo? Yalikuwa yamelala, nikayasimamisha."

"Haya. Umeyasimamisha." Ghati akaweka kisu chini. "Yunis alikuwa mke mkubwa wa kaka yangu Magesa. Hakujaliwa mtoto. Kaka akamwambia anakwenda Mwanza kutafuta kazi, nipikie nikirudi nitakula. Huko akamwoa mama yake huyu. Yunis akawa anapika kila jioni, anapakua, anafunika, anangoja. Tulimkuta amekufa jikoni, mwiko uko mkononi. Tukayapindua mafiga, kama tunavyofanyaga mwenye jiko akifa, ili kitu kingine kisije kikapika hapo."

"Kitu gani, shangazi?"

"Jini, mama. Au unataka nikutajie na kabila lake? Likikuta jiko limesimama na mwanaume ameketi, linavaa kanga ya marehemu, linaanza kupakua. Na huyu wako uso ni wa Magesa mtupu. Anasemaje, ameshiba?"

"Kila saa."

"Ndivyo atakavyokufa. Ameshiba."

Boke akakaa chini pale pale kwenye maganda ya mihogo.

"Aliyeyasimamisha ndiye anayeyapindua," Ghati akasema. "Nitakwenda na wewe, nitamshika huyu. Lakini jikoni utaingia mwenyewe. Kitakusemesha. Usijibu. Nakwambia tena, usijibu hata kwa kuguna. Ukijibu mmeongea jikoni, mmekuwa wake wenza, na hapo mimi sina dawa."

Walifika Butiama jua limeanza kuinama. Ghati akamshika Benson nje ya mkonge, akamnyunyizia maji ya majani machungu, akaanza kuimba wimbo wa kwaya na kutema mate katikati ya beti. Boke akaingia.

Moto ulikuwa unawaka. Kuni hazikuwepo, jivu halikuwepo, lakini kati ya yale mawe ulikuwepo moto mdogo mwekundu wa kupikia kitu cha taratibu. Akalisukuma figa la kwanza, likamchoma viganja, likaanguka. Akalisukuma la pili, na hapo akasikia nyuma ya bega lake mtu anavuta pumzi, karibu kabisa, mpaka nywele za shingoni zikapata unyevu, na harufu ya mtama na maziwa na moshi ikamzunguka kama kanga anayovishwa mtu mwenye baridi, naye akauma mdomo wake akingoja matusi, akingoja kilio au vitisho, akiwa amejiandaa kwa vyote hivyo, ila sauti iliyokuja ilikuwa ya mwanamke aliyechoka tu, ya upole, kama ya jirani anayeuliza kupitia uani.

"Alipokwenda kwa yule wa Dodoma, jioni ulikuwa unampakulia nani?"

Boke akaikumbuka ile meza. Sahani juu ya sahani. Wali uliolala aliomwagia mbwa wa jirani asubuhi. Na katika miezi yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza, si mama yake, si wanawake wa kanisani, wala Benson mwenyewe siku aliporudi na begi.

"Nilikuwa napakua hivyo hivyo," akanong'ona. "Nafunika."

Nyuma yake mtu akashusha pumzi kama anayetua mzigo. Figa la tatu halikuwa zito. Lilianguka kama mto wa kulalia, na moto ukazimika.

Nje Benson alikuwa amekaa chini analia. "Boke, nina njaa," alisema. "Nina njaa mimi, nitakufa."

Ghati akamwangalia Boke machoni, kisha mdomoni. "Hukukijibu?"

"Sikukijibu."

"Haya," Ghati akasema, akayafuta maji mikononi.

Wakarudi Nyasura, na jioni ile Ghati akaenda mazoezi ya kwaya, akawaachia nyumba. Boke akawasha jiko la mkaa, akapika sato na ugali, moyo wake umetulia kwa mara ya kwanza tangu mvua zile za Dodoma. Benson alikuwa amekaa kwenye mkeka, dhaifu, macho yameingia ndani, lakini macho ni yake. "Mke wangu," akasema, "harufu hiyo inaniua." Akanawa mikono. Boke akatenga.

Benson hakumega. Alibaki ameishika mikono yake misafi juu ya magoti, anangoja.

"Kula, baba."

"Nitakulaje," Benson akasema polepole, bila woga, kama mwenye mji anayeelekeza watu wake, "na mwenzako hajaletewa?"

Boke akatazama alikotazama mumewe. Pembeni ya ukuta, mkeka ulikuwa unabonyea taratibu, kama chini ya mtu mzima anayejiweka sawa.

Ufunguo wa gari ulikuwa kwenye msumari, karibu na mlango. Boke aliutazama kwa muda. Kisha akamtazama Benson, jinsi koo lilivyokuwa linameza mate tupu, jinsi mikono ilivyokuwa imekonda na bado haigusi kitu.

Akainuka akaleta sahani nyingine. Akapakua upya. Sahani ya kwanza akaiweka pale mkeka ulipobonyea, na mnofu mzuri wa samaki juu yake, maana mke mkubwa ndiye anayetangulia kupewa.