Pimajicho Inasubiri Jibu

Siku ambayo Bi Nyamizi Kasanda hakufika uwanjani, Pimajicho, mashine ya kupima wachezaji, ilianza kazi bila yeye. Ilifungua kifuniko chake ikarusha angani vijicho vyake vidogo, vinavyovuma kama mbung'o, vikatawanyika juu ya wasichana wa vyuo viwili waliokuwa wanapasha misuli. Kila kijicho kilijichagulia mchezaji mmoja. Kilipima mapigo ya moyo wake kutoka juu, kikasikiliza pumzi zake, kikatazama mguu unavyokanyaga na shingo inavyogeuka kabla mpira haujafika. Kisha sanduku lenyewe, lililokaa kwenye benchi katikati ya viti viwili, likasema kwa sauti ya kike yenye mkwaruzo:

"Namba sita huyo anakimbia kama ameiba mhogo kwa shangazi yake."

Likanyamaza. Taa yake ya kijani ikawa inawaka na kuzima.

Fundi Kondo Mwinyipembe, aliyeiunda mashine hiyo, alikitazama kiti cha kushoto. Kilikuwa na mto wa khanga tu. Wakati huo kikuku cha mawasiliano kikatetemeka mkononi mwake. Aliyepiga alikuwa mtoto mkubwa wa Bi Nyamizi.

"Mzee Kondo, mama ametutoka. Alikuwa anafunga viatu aje huko uwanjani."

"Nimesikia, mwanangu," Kondo alisema.

Taa ya kijani iliendelea kuwaka na kuzima. Kondo hakuijibu. Alibonyeza kitufe, vijicho vikarudi kimoja kimoja na kuingia ndani ya sanduku kama kuku wanaorudi bandani, naye akafunga kifuniko.

Tabora ya miaka hiyo ilikuwa na treni ya sumaku inayofika Dodoma kabla chai haijapoa, na vivuli vikubwa vya kitambaa vilivyojifungua juu ya mitaa jua likipanda. Lakini timu yake ya wanawake, Nyuki, ilikuwa imemaliza ligi mkiani. Jambo hilo lilikuwa na faida moja. Kila mwaka wachezaji wanaomaliza vyuo hukusanywa kwenye sherehe inayoitwa mgao, na timu za kulipwa huwachagua kwa zamu. Timu ya mwisho huchagua kwanza. Nyuki wakichagua vizuri watapanda. Wakikosea, watarudi palepale mkiani, na wahisani hawatabaki.

Kwa miaka mingi kazi ya kuchagua ilikuwa ya Bi Nyamizi. Yeye alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, Kondo Mzaramo wa Kisarawe, na makabila hayo ni watani tangu zamani za misafara. Kwa hiyo hakuna mechi waliyoitazama kwa amani.

"Kaa vizuri, Mzaramo. Kiti hicho si ngoma, usikipige."

"Nimekaa. Wewe mzigo wako umeuweka wapi? Mnyamwezi akitembea bila mzigo kichwani anayumba."

Wachezaji nao Bi Nyamizi aliwafanyia hivyohivyo, wawe wa kabila lolote. Akimwona binti anayejua, alimshambulia kwa maneno. Kondo alijibu kumtetea, au alimrudishia Bi Nyamizi mwenyewe. Bi Nyamizi alicheka mpaka akakohoa, kisha akataja alama: "Haya, mpe tisini." Lakini akimwona mchezaji asiye na kitu, alikuwa mpole sana. "Mtoto mzuri. Ana adabu. Mungu amjalie." Hao waliojaliwa hawakusikika tena kwenye soka, ingawa mmoja alikuja kuwa hakimu mzuri.

Kondo alipomuuliza kwa nini, alisema: "Mtani ndiye anayenizika. Nitamtaniaje mtu ambaye sitaki aniguse hata jeneza?"

Hakuna aliyeifundisha Pimajicho mambo hayo. Mashine za aina yake hazifundishwi kwa amri. Hukaa karibu na mtu anayejua, hutazama anachofanya, kisha husubiri miaka ione nani alikuwa sahihi. Pimajicho iligundua kwamba anayekejeliwa na Bi Nyamizi hufika mbali, na anayesifiwa hurudi nyumbani. Iligundua pia mpangilio wa kazi: kejeli, jibu, alama. Kwake jibu la Kondo lilikuwa sehemu ya kipimo, kama sahani ya pili ya mizani. Sauti ya Bi Nyamizi alikuwa ameitia Kondo mwenyewe, siku ya kuzaliwa ya mtani wake, kwa mzaha.

"Watu wananunuliwa vitenge," Bi Nyamizi alisema siku hiyo. "Mimi umeniletea kasuku."

Alizikwa Urambo. Jeneza lilipelekwa makaburini na kigari kinachojiendesha, na Wazaramo wawili wenye duka pale mjini wakalala barabarani mbele yake, kama inavyowapasa watani. Kigari kilisimama.

"Tafadhali pisheni njia," kilisema.

"Lete soda kwanza!"

"Sina soda. Tafadhali pisheni njia."

"Basi mwambie huyo uliyembeba ashuke atembee, ana miguu!"

Kigari kiliomba, kikaomba tena, mpaka waombolezaji wakacheka huku wanafuta machozi, na mtoto wa marehemu akatoa soda. Mzaramo mwingine alivaa koti la Bi Nyamizi na filimbi yake, akapita katikati ya watu akitembea kwa mwendo wake wa kuvuta mguu wa kulia. Halafu wote wakamgeukia Kondo. Yeye ndiye aliyekuwa mtani kuliko watani wote. Kondo alikuwa na neno tayari, amelitengeneza njia nzima, lakini halikutoka. Alitia mchanga kaburini akaondoka.

"Mzee, hata neno moja?" mtoto wa marehemu alimuuliza.

"Nitalisema," Kondo alijibu.

Wiki hiyohiyo Mkurugenzi wa Nyuki, Aikande Tarimo, alimwita ofisini. Alikuwa mama wa Kichaga, mpya kazini, mcheshi akiwa ameshiba na mkali akiwa na njaa. Ilikuwa karibu saa saba mchana.

"Mzee Kondo, nimesoma ripoti za mashine yako. Naomba unisaidie mahali fulani." Akavaa miwani. "'Mwamvua Kidawa, kiungo, chuo cha misitu. Anakimbia kama ameiba mhogo kwa shangazi yake. Siku ya kuzaliwa alimpiga chenga mkunga. Asiachwe karibu na kuku.' Alama: hakuna." Akavua miwani. "Kuku wanahusika vipi na soka?"

"Hawahusiki, Mkurugenzi."

"Ndivyo nilivyodhani. Sasa huyu mwingine, Bahati Ndimbo. 'Mtoto mzuri. Ana adabu. Viatu vyake safi. Mungu amjalie.' Huyu angalau amesifiwa. Tumchukue?"

Kondo alikohoa. "Mama, huyo usimchukue."

"Na mwizi wa mhogo?"

"Huyo ndiye."

Aikande alifunga ripoti. "Fundi, ligi haipokei jina lisilo na alama, na alama lazima itamkwe na mashine jukwaani. Mashine yako tangu msiba inatukana watu halafu inakaa kimya. Vijana wa kiufundi wanasema tuioshe kumbukumbu, tuiwekee za kawaida. Siku moja tu itakuwa inatoa namba."

"Ikioshwa, sauti inabaki?"

"Haibaki kitu."

Kondo alitazama mikono yake. "Nipe mpaka siku ya mgao."

"Nikukopeshe nafasi ya kwanza ya timu nzima?" Mkurugenzi alishusha pumzi. "Haya. Ikitoa alama jukwaani, inabaki ilivyo. Isipotoa, vijana watakuwepo na ufunguo, wataiosha palepale. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Kondo hakumwambia ubovu ulikuwa wapi. Angesemaje? Kwamba mashine ya kisasa kama hiyo ilikuwa nzima kabisa, ila inangoja yeye aijibu? Aliipeleka nyumbani akaiweka mezani, akaiwasha.

"Mzaramo, mbona kimya?" mashine ilisema. "Ngoma imepasuka?"

Kondo aliinuka akaenda kuchemsha chai ambayo hakuinywa. Kesho yake alijaribu ujanja. Alitafuta rekodi ya majibu yake ya zamani akaichezesha mbele ya sanduku.

"Hilo la mwaka juzi," Pimajicho ilisema. "Leta jipya."

Alibadilisha nyaya. Alijaribu kuiondolea hatua ya jibu, lakini hatua hiyo ilikuwa imefungamana na zote, kama uzi katika mkeka. Ukiuvuta huo, mkeka wote unafumuka. Kila alipotaka kusema neno mwenyewe, aliona kigari kimesimama na watu wote wamemgeukia.

Siku ya mgao ukumbi wa Dodoma ulijaa. Mashine za timu nyingine zilipangwa jukwaani, nyeupe, zinang'aa, zimesimama kwa miguu yao. Pimajicho ililetwa imefungwa utepe mahali kifuniko kilipopasuka, ikawekwa juu ya mto wa khanga. Vijana wawili wa kiufundi walikaa safu ya mbele, mmoja ameshika ufunguo. Safu ya tatu alikaa Mwamvua Kidawa, msichana mfupi mwenye magoti yenye makovu, pamoja na baba yake aliyevaa kanzu na kofia.

"Nyuki ya Tabora," mshereheshaji alisema. "Chaguo la kwanza."

"Mwamvua Kidawa," Pimajicho ilisema, na sauti ya Bi Nyamizi ikajaza ukumbi. "Anakimbia kama ameiba mhogo kwa shangazi yake. Siku ya kuzaliwa alimpiga chenga mkunga. Asiachwe karibu na kuku."

Mshereheshaji alitazama karatasi zake kama vile kuku wangekuwemo. Kwenye kioo kikubwa cha ukutani pakaandikwa: INASUBIRI. Taa ya kijani ikawaka na kuzima. Kijana mwenye ufunguo alimtazama Mkurugenzi, Mkurugenzi akamtazama Kondo, Kondo akatazama sakafu. Kijana akasimama.

Lakini safu ya tatu pia mtu alikuwa amesimama.

"Nani huyo anamsema mwanangu?" Mzee Kidawa alifoka. "Hiyo ni lafudhi ya Unyamwezi! Mnyamwezi gani huyo? Atoke kwenye hilo sanduku nimjibu!"

"Baba, kaa," Mwamvua alinong'ona.

"Sikai! Ametaja kuku!"

"Mzee wangu," mshereheshaji alisema kwa upole, "mwenye sauti hiyo amefariki."

Mzee Kidawa alivua kofia. Alifikiri kidogo.

"Amefariki na bado anaongea? Basi watani zake hawajamzika vizuri."

Watu walicheka. Kondo hakucheka. Alipanda jukwaani polepole, akasimama mbele ya sanduku lililokuwa juu ya mto wa khanga. Kijana mwenye ufunguo alishafika pia, akasita.

"Nyamizi," Kondo alisema. "Mnyamwezi wewe. Maisha yako yote unajisifu ukoo wa wapagazi, mmebeba pembe, mmebeba chumvi, mmebeba mpaka watu wa pwani mgongoni. Safari yako ya mwisho umebebwa na kigari! Umelala chali kama bibi harusi, hata ndoo hukushika. Halafu mzigo wako umeniachia mimi. Mzaramo! Tangu lini Mzaramo akajua kubeba? Shingo inaniuma, Nyamizi. Huna haya hata kidogo."

Maneno ya mwisho yalitoka yamevunjika, lakini yalitoka.

Taa ya kijani ilisimama. Kisha sanduku likacheka. Lilicheka mpaka likakohoa, na watu wa Tabora waliokuwemo ukumbini wakakijua kikohozi kile, baadhi wakafunika midomo.

"Haya," Pimajicho ilisema. "Mpe tisini na sita. Na kuku wafungiwe."

Kioo kikaandika 96. Mzee Kidawa akavaa kofia yake, akapiga kigelegele kama wanawake, mwanawe akaficha uso kwa aibu, kisha akakimbia kupanda jukwaani, kweli kabisa kama mtu aliyeiba mhogo. Mkurugenzi alimpungia mkono kijana mwenye ufunguo akae.

Baadaye, kwenye treni ya kurudi, Aikande alikaa pembeni ya Kondo akamkatia nusu ya chapati yake.

"Baba yangu alipofariki," alisema, "Mpare mmoja alilala mlangoni, akazuia jeneza lisitoke mpaka alipwe mkungu wa ndizi. Nilitaka kumwitia polisi. Jioni nilimkuta nyuma ya nyumba peke yake, analia kama mtoto." Akatafuna kidogo. "Ungeniambia tu, mzee. Na sisi tuna watani."

"Ningekuambia nini, mama? Neno lenyewe lilikuwa halijatoka."

Alipofika nyumbani Kondo aliiwasha Pimajicho, akaionyesha picha za mlinda mlango mmoja wa mwaka wa pili. Ilisema mikono yake ni mifupi, hata salamu huwa haifiki. Kondo alicheka, halafu akakumbuka. Kejeli hiyo Bi Nyamizi aliitoa miaka mingi nyuma, kwa golikipa wa Kibondo. Ile ya mkunga ilikuwa ya winga mmoja wa Sikonge. Ya kuku alimwambia yeye Kondo mwenyewe, siku walipofahamiana. Mashine ilikuwa inachagua tu kutoka kwa yale aliyowahi kuyasema.

Mwamvua Kidawa sasa huvaa namba sita ya Nyuki. Pimajicho hukaa kwenye benchi, katikati ya viti viwili, na kejeli zake zimeanza kujirudia. Kila Jumamosi Kondo huzijibu, na jibu lake lazima liwe jipya, kwa sababu la zamani mashine hulikataa.