Mikunjo Saba ya Suruali

"Shangazi anakunywa chai saa sita," sauti ilisema kwenye simu.

"Na keki?"

"Keki uilete nzima. Usiimege."

Hedley Varcoe, ofisa wa usalama wa jeshi la majini, akakata simu. Shangazi alikuwa jasusi wa kigeni. Chai ilikuwa baa ya Mama Tuckett, hatua mia mbili kutoka geti la bandari ya kivita ya Portsmouth. Keki ilikuwa filamu ndogo ya kamera ya kijasusi ya Minox, bado haijasafishwa.

Alikagua bastola yake ya Browning. Risasi kumi na tatu. Akaichomeka kwapani na kuingia kwenye Ford Zephyr nyeusi, dereva akiwa tayari usukani.

Kwenye kiti cha nyuma alikaa Wilf Ormerod, baharia wa manowari Halberd, msikilizaji wa mtambo wa kunasa nyambizi. Alifungwa pingu. Siku mbili nyuma Varcoe alikuwa ameinasa posta barua aliyoandikiwa: leta jedwali la mtambo upewe filamu, la sivyo picha zitafika kwa wakubwa zako. Picha zilimwonyesha Ormerod na mwanamume mwenziwe katika chumba cha kupanga. Kwa sheria ya mwaka ule, 1958, hiyo ilikuwa jela kwa wote wawili.

Varcoe hakuwapenda watu wa namna hiyo, wala hakujisumbua kuficha.

"Mwenzako ni nani?"

"Simjui, afande."

"Nikiipata filamu nitamwona mwenyewe. Nikimalizana na jasusi, ninawageukia nyinyi wawili."

"Najua."

Unafiki huo una umri wa mlingoti. Zama za matanga, jeshi lile lile la majini lilimfungia mwanamume melini miaka mitatu na wanaume wenziwe, kisha likamnyonga kwa kosa la kupenda. Wakubwa walijua siku zote. Walifumba macho mpaka walipohitaji wa kumtoa kafara.

Saa sita kasoro dakika tano.

Varcoe alimfungua Ormerod pingu. Alikaa pembeni ya baa, gazeti usoni, redio ndogo ndani ya koti. Ormerod alisimama kaunta mbele ya pai asiyoigusa. Barua ilisema mjumbe atakuja amevaa sare ya baharia, na humo ndani walikuwemo mabaharia thelathini, kofia nyeupe tupu. Wawili wa Halberd walimtania Ormerod kwamba leo kanuna kama bibi harusi aliyeachwa kanisani.

Varcoe alimshuku mmoja mwenye nywele nyekundu. Alitazama kila mtu mara mbili. Akamkodolea macho tena huyo mwekundu.

Kumbe mwekundu alikuwa mlevi tu.

Karibu na dirisha, baharia mwingine alimaliza bia yake taratibu na kuinuka. Kwa hakika alikuwa amenusa mtego. Akaanza kuuelekea mlango, na Varcoe hakumwona.

Ormerod alimwona. Angenyamaza, filamu ingeondoka, na huenda yasingetokea lolote. Angesema, filamu ingeangukia mkononi mwa Varcoe.

"Yule wa mlangoni," alisema polepole, akiwa amesogea mezani kwa Varcoe. "Itazame suruali yake."

Baharia wa Portsmouth huikunja suruali mara saba kwa upana ili ienee kabatini, na mikunjo yake hulala. Suruali ya yule ilikuwa na mkunjo mmoja uliosimama kutoka kiunoni hadi mguuni, kama ya karani wa benki. Varcoe asingeona hilo hata mwaka mzima. Maofisa hupigiwa pasi na watumishi.

Jamaa akageuka. Macho yao yakakutana.

Akatimua mbio.

Varcoe alipindua meza, akaruka nje, redio mdomoni.

"Zephyr! Anakimbilia gati la kivuko!"

"Nimemwona."

"Mzibie njia!"

Gari lilipanda juu ya kibaraza na kuuziba mlango wa gati. Jamaa alichomoa bastola. Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha Zephyr. Ya pili ilipasua bega la koti la Varcoe. Hapakuwa na ya tatu. Varcoe alimpiga kwa kitako cha Browning nyuma ya sikio, akamlaza kifudifudi na kumkalia mgongoni.

Ndani ya pakiti ya sigara, filamu ilikuwemo.

Jasusi alitema damu, akacheka.

"Hongera. Sasa malizia kazi yangu."

"Kazi gani?"

"Sikumtisha kwa bunduki, bwana. Nilimtisha kwa nyinyi."

Varcoe alitaka kumpiga tena. Mkono ulikataa. Aliona haya, na haya ile ilimkasirisha kuliko ile risasi.

Ormerod alifika akihema. Kabla hajaambiwa neno, alinyoosha mikono apigwe pingu.

"Ungeweza kunyamaza," Varcoe alisema. "Kwa nini umemtaja?"

"Halberd ina watu mia mbili, afande. Nyambizi za adui zikijua tunasikiaje, tunazama wote. Na mmoja wa hao mia mbili ndiye anayenipigia pasi suruali."

Varcoe akaivuta filamu yote kutoka kwenye kikebe chake, akaikunjua mchana kweupe, upande mmoja na upande wa pili.

Dereva alitoa kichwa dirishani. Makao makuu walikuwa redioni.

"Wanauliza filamu."

"Imeingia mwanga."

"Na mabaharia wawili?"

"Hakuna wawili. Kuna shahidi mmoja aliyemnasa jasusi."

"Huyu jasusi atawataja mahakamani."

"Neno la adui dhidi ya aliyemkamata. Ajaribu."

Redio ilikoroma. Komanda wake alisema, kwa sauti ya mtu anayeandika, kwamba jambo hili litaingia kwenye jalada la Varcoe. Varcoe alimwomba asikosee herufi za jina lake.

Alizima redio. Akamnyooshea Ormerod mkono.

Ormerod aliutazama mkono ule, asiuguse.

"Wangapi uliwafunga kabla yangu?"

"Kumi na mmoja."

"Basi usinipe mkono, afande."

Baharia akavaa kofia yake na kuondoka kuelekea Halberd, bila kugeuka.

Varcoe aliutia mkono mfukoni, akamwachia dereva jasusi, akapanda kivuko cha kwenda Gosport, ng'ambo ya bandari, na kusimama peke yake kwenye ubavu wa chombo, akiyahesabu majina kumi na moja. Aliyakumbuka tisa.