Kizibo cha Mzinga

Kila aliyeingia makumbusho alikwenda kwanza kwenye ule mzinga mkongwe, chuma kitupu, mpana kiasi cha kummeza mtu mzima. Wageni walichungulia mdomoni, wakaita, wakacheka sauti ilipowarudia. Fundi hakuwahi kuita. Kazi yake ilikuwa kutambaa ndani na kusugua kutu, kamba kwenye kifundo cha mguu, huku shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, akiishika nje. Humo hawakusemezana kwa kelele, maana sauti ilipasua masikio. Waligonga chuma: ngo moja, niko salama. Wa nje hujibu moja.

"Ukisinzia humo, shemeji, nakulipua."

"Lipua tu. Labda nitaangukia penye mapishi bora kuliko yako."

Mchana huo aligonga. Jibu likatoka mbele yake, kwenye kitako cha mzinga, ambako hapakuwa na kitu ila chuma.

Akatulia. Harufu ya baruti ikamjia, na chini yake harufu ya mafuta ya nywele ya mkewe, yale ambayo chupa yake ingali nusu dirishani nyumbani.

"Baba watoto," sauti ikanong'ona. "Sogea. Kidogo tu."

Kamba ilikuwa imefika mwisho. Alijua wafu hawaiti, alilijua hilo vizuri, na bado vidole vyake vilishuka kifundoni vikafungua fundo, akatambaa, na chuma kikazidi kupata moto viganjani, na pumzi iliyompuliza usoni ikawa si ya mkewe wala ya mtu, mpaka kitu kikajipenyeza kati ya mgongo wake na chuma, kikampita, kikaenda kule alikotoka.

Nyuma yake kamba ikakaza.

"Mbona mzito hivyo leo, shemeji?"

"Mapishi yako hayo." Ilikuwa sauti yake mwenyewe. "Nimemaliza. Tia kizibo twende, watoto wasitoke shule wakatukosa."

Fundi alipiga ukelele, mzinga ukaumeza. Akarudi kinyumenyume, magoti yakichubuka, lakini mwanga ulikuwa umeshakatika na nyundo ilikuwa ikishindilia kizibo. Ndipo akakumbuka. Akagonga: ngo.

Nyundo ikasita.

"Umesikia?" shemeji alinong'ona.

"Chuma kinapoa," ile sauti ya fundi ilisema kwa upole. "Usijibu."

Shemeji hakujibu. Hatua za watu wawili zikaondoka, mmoja wao akipiga mluzi ule wimbo ambao mkewe aliwabembelezea watoto.